Waya wa Hedifoni za Mama

Kijana muuza simu jirani na stendi ya Karatu alinitolea hedifoni mbili, zile kubwa za kufunika sikio lote, akaniuliza, "Mama, unataka zenye waya mrefu au mfupi? Hizi za waya mrefu unaweza kuacha simu sebuleni ukaenda kulala nazo chumbani." Nikamjibu "mfupi" kabla hajamaliza, tena kwa ukali ambao mtoto wa watu hakustahili. Akanitazama. Akanieleza kwa upole kwamba siku hizi ziko hata zisizo na waya, mtu unatembea nazo mpaka shambani. Nikamwambia hizo ndizo sizitaki kabisa. Zilikuwa za mjukuu wangu, si zangu, na mjukuu angefurahia hizohizo za kutembea nazo mpaka shambani. Nyuma yake mwenzake alikuwa analehemu simu ya mteja, na ule moshi mwembamba, wenye harufu ya kukaribia ubani, ukanifikia puani. Nikakaa kwenye kibenchi pale nje, mkoba mapajani, mtu mzima kama mimi, nikashindwa kuinuka kwa kitambo.

Nilikuwa darasa la tatu. Kwetu kulikuwa juu ya mji, upande wa msitu, mahali ambapo ukungu wa Ngorongoro hushuka asubuhi ukakaa mlangoni mpaka saa nne kana kwamba umealikwa. Baba alikuwa kibarua wa barabara, anaishi kambini huko juu, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nyumbani tulikuwa mama na mimi. Masika hiyo mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakulia. Bibi wawili wa jirani walimzika nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda, wakanawa mikono, wakaondoka bila kuaga. Kuanzia hapo tukawa metimani.

Wenzangu mliokulia huku hamna haja ya kuelezwa. Wengine niwaambie tu kwamba kwetu Wairaqw, enzi hizo, nyumba iliyopatwa na msiba wa namna ile ilijitenga na watu mpaka wazee waseme imetakata, na hiyo yaweza kuwa hata mwaka. Huombi moto kwa jirani, huchangii kibuyu, hupeani mkono na mtu. Mgeni akija anasimama kule njiani, anapaza sauti, anaondoka. Hakuna aliyetuchukia, nasema kweli. Waliogopa tu tusije tukawagawia kilichotupata. Kanisani walihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini padri alikaa mbali na majirani walikaa karibu. Baba alirudi kambini kwake, maana kazi ya serikali haikujua metimani. Mwalimu mkuu naye akasema shule ya serikali haina metimani, kwa hiyo nikaendelea kusoma, nikiwa nimekalia dawati la nyuma peke yangu, na kikombe changu cha uji kikining'inia chenyewe kwenye msumari wake. Paskalina, rafiki yangu niliyekuwa nikichota naye maji kila siku, akawa akiniona njiani anahamia ng'ambo.

Hedifoni alizileta mjomba, kaka yake mama. Alikuwa mbeba mizigo kwenye hoteli moja ya wageni kule ukingoni mwa kreta, na Mzungu fulani aliyekuwa akirekodi sauti za ndege alimwachia alipoondoka. Tulikuwa na redio ndogo ya betri, lakini redio kupiga kelele katika nyumba ya metimani ingekuwa aibu, majirani wangesema hawa wanasherehekea nini. Mjomba akafikiria hilo. Alizipeleka kwa fundi mjini akabadilishiwa ile pini kubwa isiyoingia kwenye redio yetu, akaziweka juu ya jiwe penye ua wetu wa minyaa, akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo akaita. "Dada, vaa masikioni. Utasikia dunia na hakuna atakayekusikia."

Waya wake ulikuwa mrefu kupita kiasi. Nadhani yule Mzungu alihitaji kukaa mbali asiwatishe ndege. Redio ilikaa mezani, palepale nilipofanyia kazi za shule, na waya ulitoka hapo ukavuka chumba kizima, ukapita kando ya mafiga, ukamfikia mama kwenye kigoda chake cha mlango wa nyuma. Alipenda kukaa hapo akiangalia nje, na nje hapo palikuwa na pale mahali bibi wale walipochimba. Mimi mezani, yeye mlangoni, na katikati yetu waya mweusi sakafuni ambao nilijifunza kuuruka bila kuutazama.

Mwanzoni zilitusaidia. Alikuwa akisikia jambo ananisimulia: fulani wa Tabora anamsalimia shemeji yake, bei ya pamba imetangazwa, mvua zinakuja. Mara moja alicheka. Kisha, karibu na mavuno ya maharage, akanyamaza. Nikirudi shuleni namkuta kigodani, hedifoni masikioni, mgongo kwangu, anachambua maharage au hafanyi lolote. Nasema shikamoo, kimya. Anainuka jioni kupika ugali, tunakula, anazivaa tena. Nilizichukia zile hedifoni kama mtu anavyomchukia mama wa kambo. Niliamini huko ndani mlikuwa na watu wanaozungumza vizuri kuliko mimi, na kwamba mama amehamia kwao.

Kitu kimoja kilinishangaza. Enzi zile betri zilikuwa adimu kama sukari, watu walizianika juani ili zipate nguvu za siku mbili zaidi. Zetu hazikuisha. Niliziangalia kila wiki nikitegemea mama ataniambia nizipeleke juani, hakuniambia. Nikaona ni baraka, nikamshukuru Mungu kwa hilo tu, maana mengine sikuwa na la kumshukuru.

Ndipo nikaanza kuusemesha mgongo wake. Mtu lazima aseme na mtu. Nilianza na mambo madogo: kuku wetu mwekundu hajaonekana tangu juzi, mwalimu wa hesabu kanichapa kwa kosa la aliyekaa mbele yangu, Paskalina kapata viatu. Kisha nikataka kuhakikisha kwamba kweli hasikii. Nikasimama nyuma yake kabisa, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Wewe ni mama mbaya." Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka. Mtoto wa Kiiraqw amwambie mama yake hivyo na asigeukiwe na ukuni, basi huyo mama hasikii. Nikaridhika na ushahidi wangu, na kuanzia siku hiyo nikamwambia kila kitu.

Nilimwambia mpaka lile. Wazee wa kwetu walituonya kwamba chemchemi ina wenyewe. Hawaonekani, wamo majini, na ukiwa pale usitukane wala usitamke baya, kwa sababu wanasikia, na wakisikia wanachukua neno lako kama ulivyolitoa. Sasa mimi, mama akiwa na mimba kubwa, nilikuwa nachota maji na Paskalina, nikamwambia, "Simtaki huyo mtoto. Akizaliwa nitaachishwa shule nimbebe." Nilisema kwa sauti, mdomo ukiwa juu ya maji. Wiki mbili baadaye mtoto akazaliwa na hakulia. Niliubeba mzigo huo tangu masika. Sikumwambia baba, sikuungama kanisani, maana padri asingeelewa habari za wenye maji na wazee wasingeelewa habari za kuungama. Alasiri moja nikauambia mgongo wa mama. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyemuua mtoto." Nikaeleza yote, chemchemi, Paskalina, maneno yenyewe. Mikono yake iliyokuwa ikichambua maharage ilisimama. Punje moja ikaanguka sakafuni. Kisha mikono ikaendelea. Nikafikiri labda redioni wamepiga wimbo anaoupenda.

Baada ya hapo sikuweza tena kuvumilia ule mgongo. Nilitaka siku moja ageuke, aniangalie usoni, nimwambie tena na yeye asikie, hata kama ni kwa kupigwa. Sikuthubutu kuziharibu hedifoni. Lakini niliutazama waya na akili ya kitoto ikafanya hesabu yake: waya ukiwa mrefu mama anakaa mlangoni, ukiwa mfupi itabidi aje akae mezani. Na mezani nipo mimi. Nikachukua kamba ya katani nikapima kutoka kwenye redio mpaka kwenye kiti kilicho jirani na changu, usawa wa sikio la mtu mzima. Nikafunga fundo.

Jumamosi mama alipoteremka shamba la chini kupalilia, nilizichomoa hedifoni, nikaziweka kwenye kikapu, nikazifunika kwa kitambaa na juu yake mayai, nikashika njia ya mjini. Ni mwendo wa saa moja na nusu, na vumbi jekundu linakufika magotini. Nilitembea pembeni kabisa nisimguse mtu. Fundi redio alikuwa na kibanda karibu na msikiti, mzee Mwislamu aliyekuja Karatu na biashara ya nguo ikamshinda, akabaki na redio za watu. Nilisimama mbali, hatua kama tano, nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Mbona umesimama huko? Nina ugonjwa?"

"Mimi ndiye mwenye metimani," nikasema.

Bila shaka alikwisha kulisikia hilo neno. "Mimi redio zote nazishika," akasema, "na hakuna hata moja niliyoiuliza imetoka nyumba gani. Njoo."

Akanishika mkono akanivuta ndani. Nilikuwa sijaguswa na mtu wa nje tangu masika. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, wa kawaida kabisa, na mimi nikabaki nao kiganjani muda mrefu baada ya yeye kuuachia. Akapokea mayai kwa mikono miwili, akayaweka penye kivuli. Akanimiminia chai kwenye kikombe alichokuwa akinywea mwenyewe. Nilipomweleza shida yangu akacheka.

"Wenzako wote wananiletea waya niurefushe. Wewe unataka ufupishwe. Una hakika? Nikishakata siwezi kuuotesha."

Nikampa kamba yangu yenye fundo. Akaipima kwenye mkono wake, kutoka kidoleni mpaka kwenye bega na zaidi kidogo, akaitikia kwa kichwa kama kwamba nimemletea kipimo cha suruali. Akasema kwanza atazijaribu. Akachukua betri, akagusisha waya fulani kwenye pini, akaweka hedifoni sikioni. Akagusisha tena. Akanitazama.

"Hizi ni za nani?"

"Za mama."

"Anazisikiliza?"

"Kila siku. Mchana kutwa."

Akaukunja waya huku na kule, akaja mpaka shingoni mwa pini, akachukua wembe akapasua ganda. Akanionyesha. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, na ncha zake zilikuwa za kijani.

"Pini hii niliiweka mimi, aliyezileta alinitia haraka," akasema. "Waya umekatikia hapa. Tena si jana, binti. Shaba haigeuki kijani kwa siku moja. Hizi hazijatoa sauti miezi mingi. Na ukizichomeka, redio yenyewe pia inanyamaza. Una bahati, kipande unachotaka nikitoe ndicho chenye ubovu. Nikiufupisha zitapona."

Alikata kwenye fundo langu. Akapasha chuma chake kwenye makaa, akalehemu, na moshi ule ukanijia puani mara ya kwanza maishani. Akanivalisha ili nisikie mlio wa betri. Nilisikia, kra, kra. Niliitikia kwa adabu. Sikuwa nimeelewa chochote bado. Nilikuwa najua tu kwamba nimefaulu.

Nilielewa njiani, nilipofika pale mwinuko unapoanza. Sitasahau mahali penyewe, kuna mgunga uliopinda. Hedifoni zilikuwa zimekufa. Basi mama hakuwa akisikiliza redio. Basi hata redio hakuwa akiiwasha, ndiyo maana betri hazikuisha. Basi pale nyuma yake niliposema "wewe ni mama mbaya," alisikia. Na la chemchemi alisikia. Nilikaa chini kwenye vumbi. Magari mawili ya watalii yakapita kuelekea kreta, wakanipungia mikono, na mimi nikawapungia kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa.

Niseme ukweli, hofu ilikuja kwanza, lakini nyuma yake ilikuja hasira, na hiyo hasira nimeishi nayo miaka mingi kuliko mama alivyoishi. Alinisikia. Mtoto wa miaka tisa anakwambia ameua, na wewe unaokota punje inayofuata. Nimelea wanangu wanne, nimewakosea mengi, lakini kila alipoita mmoja nimegeuka, hata nikiwa na ndoo kichwani. Wakati mwingine nimegeuka kwa ghadhabu, lakini nimegeuka.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya msitu. Mama alikuwa amesharudi. Alikaa kigodani kwake bila kitu masikioni, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameelekea ndani.

"Umezipeleka wapi?"

"Kwa fundi."

"Ya nini?"

"Nilitaka waya uwe mfupi." Sauti ilinitoka nyembamba. "Ili ukae mezani."

Alinyoosha mkono nikampa. Akautazama waya, akautafuta urefu wake wa zamani kwa vidole, akafika kwenye pini mapema. Akasimama. Nilidhani atanipiga, nikafumba macho. Nikasikia kiti kikiburutwa, kile cha jirani na changu. Nilipofumbua alikuwa amekaa, hedifoni masikioni, akaichomeka pini mwenyewe. Mimi nikawasha redio.

Alishtuka mpaka mabega. Kutoka pale nilipokuwa niliisikia sauti ndogo ya mwanamume ikisoma salamu. Mama alisikiliza, labda salamu tatu, kisha akazivua akaziweka mezani katikati yetu, zikiendelea kusema.

"Zinatoa sauti," akasema.

"Fundi anasema zilikatika zamani."

"Anaijua kazi yake."

Uso wake ulikuwa karibu mno, nikaona jinsi ulivyokonda, na sikujua lini ulikonda kwa sababu miezi yote ile nilikuwa naangalia mgongo.

"Yule kuku mwekundu," akasema, "yuko chini ya ghala, ameatamia. Nilimwona siku ileile uliyoniambia."

Nikaanza kulia. Sikulia kwa ajili ya kuku. Alisubiri nimalize, na nilipokuwa bado natafuta pumzi akasema, akiwa anaitazama redio, "Na mimi nilisema."

"Ulisema nini, mama?"

"Kule chemchemini. Kwamba simtaki." Aliongea polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine. "Baba yako hayupo, jembe langu, maji yangu, kuni zangu. Nikainama kuchota, nikasema simtaki, sina nguvu zake. Siku uliyonieleza yako nilitaka kugeuka. Ningegeuka ningekuambia nini? Kwamba si wewe, ni mimi?"

Nilifuta pua kwa mkono wa gauni. Akaushika ule mkono, akaurudisha mezani, akaufunika na wake.

"Ila wewe ulikuwa na Paskalina wa kukusikia," akasema. "Mimi nilikuwa peke yangu na maji."

Hatukuizima redio. Iliendelea pale mezani mpaka zamu ya salamu ikaisha, watu wa Tabora wakiwasalimia watu wa Mtwara, na sisi wawili tumeinama upande mmoja, kwa sababu waya haukufika mbali zaidi ya hapo.